Filamu za "bure" maktabani: mali ya nani?

Limezuka nchini Marekani jambo ambalo kila anayelipata kwa mara ya kwanza hulitangaza kama mtu aliyeokota dhahabu njiani. Hugundua kwamba kadi ya maktaba ya mji wake, ile kadi aliyodhani kazi yake ni kuazima vitabu tu, inamwezesha kutazama maelfu ya filamu akiwa nyumbani kwake, kwa njia ya intaneti, bila kulipa hata senti moja na bila kukatizwa na matangazo ya biashara. Humwambia jirani, jirani naye humwambia mwenziwe, na wote hushangaa kwa nini hawakuambiwa mapema.

Furaha hiyo ni ya haki, na mtu yeyote mwenye kupenda elimu hawezi kuionea kijicho. Lakini ndani ya furaha hiyo limejificha neno moja ambalo lazima lichunguzwe kwa makini kabla halijaleta madhara. Neno hilo ni "bure". Filamu hizo si za bure. Zinalipiwa, na zinalipiwa kwa fedha za umma. Tena zinalipiwa kwa mtindo unaouacha umma mikono mitupu siku mkataba unapokwisha. Anayeshangilia bila kulifahamu hilo anafanana na mpangaji anayejisifu kwa uzuri wa nyumba, naye hajapata kuisoma hati yake ya upangaji.

KAZI YA MAKTABA

Kwanza ni vizuri kueleza jinsi mpango wenyewe unavyoendeshwa. Ziko kampuni mbili zinazojulikana zaidi katika shughuli hii. Moja ni Kanopy, iliyoanzishwa mwaka 2008 katika mji wa Perth, Australia, na ambayo ilianza kwa kuhudumia vyuo vikuu kabla ya kuhamia Marekani na kuingia katika maktaba za umma. Ya pili ni Hoopla, iliyoanzishwa mwaka 2013 na kampuni ya Midwest Tape ya Ohio. Maktaba hufunga mkataba na kampuni. Msomaji huandika namba ya kadi yake, hupewa idadi fulani ya tiketi au ya maazimo kwa kila mwezi, kisha huchagua filamu anayoitaka. Mwezi ukiisha, hesabu huanza upya.

Filamu zenyewe si takataka. Humo mna sinema za mabingwa wa Japani, India, Senegali, Italia na Ufaransa, ambazo majumba ya sinema ya mijini hayazionyeshi kwa sababu hayatarajii kupata faida. Mna filamu za historia na sayansi zinazomfaa mwalimu darasani, na mna filamu za watoto. Mtu aliyeacha shule akiwa na miaka 14, mzee asiyeweza kutembea hadi mjini, mama anayelea watoto na kufanya kazi zamu ya usiku, mkimbizi kutoka Kongo aliyepewa makazi katika mji wa Kentucky na ambaye bado anajifunza Kiingereza: wote hao mbele ya mkutubi ni sawa na profesa. Haulizwi mtu mshahara wake. Anaulizwa tu kama anaishi katika mji huo.

Usawa huo haukushuka kutoka mbinguni, wala haukuletwa na kampuni yoyote ya filamu. Uliletwa na wananchi walioamua kuchanga. Mwaka 1833 wakazi wa mji mdogo wa Peterborough, katika jimbo la New Hampshire, walikubaliana kutumia fedha za kodi kuanzisha maktaba iliyo wazi kwa kila mkazi. Mji wa Boston ulifuata, ukaanzisha maktaba yake mwaka 1848 na kuifungulia umma milango mwaka 1854. Juu ya mlango wa jengo lililofunguliwa mwaka 1895, Boston iliandika kwenye jiwe kwamba humo hapatozwi mtu kitu. Maneno hayo yalikuwa na uzito kwa sababu jiwe lilikuwa mali ya mji, rafu zilikuwa mali ya mji, na vitabu vilivyokuwamo vilikuwa mali ya mji.

Hata tajiri Andrew Carnegie alipotoa fedha zake, msingi huo haukuvunjwa. Ni kweli kwamba utajiri wake ulitokana na jasho la wafanyakazi wa viwanda vya chuma, na ni kweli kwamba mwaka 1892 mgomo wa Homestead ulimalizika kwa damu. Hayo hayasahauliki. Hata hivyo, alipotoa dola milioni 5.2 mwaka 1901 kwa ajili ya maktaba za matawi katika jiji la New York, sharti lilikuwa kwamba jiji litoe viwanja na liziendeshe maktaba hizo siku zote. Majengo yakabaki kwa umma. Carnegie alifariki mwaka 1919, na hakuna mrithi wake anayeweza kwenda leo kwenye tawi la maktaba akadai funguo.

Hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya tajiri wa jana na mfanyabiashara wa leo. Yule wa jana alitoa akaondoka. Huyu wa leo hatoi, wala haondoki.

SOMO LA NEW YORK

Kama yuko anayedhani kuwa haya ni maneno ya kutishana, na atazame yaliyotokea New York mwaka 2019. Jiji hilo lina mashirika matatu ya maktaba za umma: ile inayohudumia Manhattan, Bronx na Staten Island, ile ya Brooklyn, na ile ya Queens. Yote matatu yalikuwa yakiwapatia wasomaji wao filamu kupitia Kanopy. Mwezi Juni mwaka huo wasomaji walitangaziwa kuwa kuanzia tarehe 1 Julai huduma hiyo haitakuwapo tena. Sababu iliyotolewa ilikuwa gharama. Maktaba zilisema kuwa mpango ule hauwezi kuendelezwa, na kwamba fedha hizo zingefaa zaidi kutumiwa kwa vitabu na huduma nyingine.

Hesabu yenyewe haihitaji bingwa wa uchumi. Bei iliyojulikana wakati ule ilikuwa karibu dola 2 kwa kila filamu iliyotazamwa. Basi, msomaji mmoja akitazama filamu 10 kwa mwezi, maktaba inadaiwa dola 20. Wasomaji 1,000 wa namna hiyo ni dola 20,000 kwa mwezi, yaani dola 240,000 kwa mwaka. Maana yake ni kwamba kadiri maktaba inavyofanikiwa kuwavuta watu, ndivyo inavyozidi kufilisika. Huduma ya umma imegeuzwa adhabu: anayetumikia wengi hulipa zaidi, na mkutubi mwenye bidii ya kuutangaza mpango huo anaichimbia idara yake kaburi.

Ulinganishe mtindo huo na DVD. Maktaba hununua DVD mara moja, tuseme kwa dola 30. Watu 100 wakiiazima, kila azimo limegharimu senti 30. Wakiiazima watu 200, limegharimu senti 15. Kadiri inavyotumika ndivyo inavyozidi kuwa rahisi, na mwisho wa yote bado ipo rafuni. Filamu ya intaneti ikitazamwa na watu hao hao 100 kwa dola 2 kila mmoja, zimekwenda dola 200, na rafuni hakuna kitu. Mtu wa 101 akija, mita inaanza tena kuhesabu.

Vyuo vikuu navyo havikusalimika. Huko mtindo ulikuwa kwamba filamu ikishatazamwa mara 4, chuo kinatozwa dola 150 kwa kibali cha mwaka mmoja. Mwaka ukipita, kibali kinakufa. Wanafunzi wanne wenye shauku ya kujua, ambao katika chuo chochote ni jambo la kujivunia, wanageuka kuwa ankara. Matokeo yake ni kwamba baadhi ya vyuo vililazimika kufunga mlango, na mwanafunzi akaambiwa aandike kwanza maombi, aeleze sababu, kisha angoje.

Katika tukio la New York mlikuwa na kejeli moja ambayo haina budi kukumbukwa. Mwaka 2017 mtengeneza filamu Frederick Wiseman alitoa filamu ndefu ya zaidi ya saa tatu juu ya maktaba ya umma ya New York, inayoitwa Ex Libris. Inaonyesha wakutubi wakijibu simu, watoto wakifundishwa hesabu, na wakuu wakijadili namna ya kuzigawa fedha za umma. Mwaka 2018 kazi za Wiseman ziliingizwa Kanopy, na mwenye kadi ya maktaba akaweza kuzitazama nyumbani. Mwaka mmoja baadaye mlango huo ukafungwa. Wakazi wa New York wakanyang'anywa njia ya kuitazama, kwa kadi ya maktaba yao na kupitia mtambo huo, filamu inayoihusu maktaba yao wenyewe. Mahali ambapo DVD ya filamu hiyo ilikuwa imenunuliwa, DVD haikuondoka. Ile ya mkataba iliondoka siku moja na mkataba.

Wahenga walisema kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Maktaba iliyojivika filamu za kukodi inasitirika mpaka siku mwenye nguo atakapoidai.

KUNUNUA NA KUKODI

Swali la kujiuliza ni hili: kwa nini kitabu hakiondoki na filamu ya intaneti inaondoka? Jibu liko katika sheria, na kila mtumishi wa umma anapaswa kulifahamu.

Mwaka 1908 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya mchapishaji mmoja wa vitabu, Bobbs-Merrill, dhidi ya wenye duka kubwa la Macy's. Mchapishaji alikuwa ameandika ndani ya riwaya yake kwamba hairuhusiwi kuuzwa chini ya dola 1. Duka likaiuza kwa senti 89. Mahakama ilisema kuwa mchapishaji akishauza nakala yake, amekwisha. Hawezi kumfuata mnunuzi hadi nyumbani kwake akimpangia namna ya kuitumia. Kanuni hiyo ikaingizwa katika sheria ya hakimiliki ya mwaka 1909, na ikarudiwa katika ile ya mwaka 1976. Juu ya kanuni hiyo ndipo zilipojengwa maktaba za kuazimisha. Maktaba ikishanunua kitabu au DVD haihitaji ruhusa ya mtu kukiazimisha mara 1, mara 100, au mara 1,000.

Filamu ya intaneti haiuzwi. Inatolewa kwa kibali, na mwenye kutoa kibali huandika humo lolote analotaka: muda gani, mara ngapi, kwa bei gani, katika nchi gani. Mwaka 2018 mahakama ya rufani ya New York, katika kesi ya ReDigi iliyohusu nyimbo, ilishikilia kwamba ile haki ya mnunuzi haihamii kwenye faili la kompyuta linalonakiliwa kutoka mtambo mmoja hadi mwingine. Basi haki iliyopiganiwa na kupatikana mwaka 1908 imeachwa mlangoni, na aliyeingia ndani ni mpangaji.

Wachapishaji wa vitabu hawakuchelewa kuiona nafasi hiyo. Mwaka 2011 HarperCollins ilizitangazia maktaba kwamba kitabu chake cha kompyuta kikishaazimwa mara 26 kitatoweka, na maktaba itapaswa kukilipia upya. Ilidaiwa kuwa hata kitabu cha karatasi huchakaa. Tazama maajabu hayo! Kitu kisichoweza kuchakaa kimelazimishwa kuchakaa ili mwenye mali apate kukiuza tena. Mwezi Novemba mwaka 2019 Macmillan ikaenda mbali zaidi: ikaamua kuwa shirika la maktaba, hata likihudumia watu milioni, litauziwa nakala 1 tu ya kitabu kipya cha kompyuta katika wiki 8 za mwanzo. Wakutubi waligoma kununua, wasomaji wakapiga kelele, na mwezi Machi mwaka 2020 amri hiyo ikafutwa. Hapo lipo fundisho ambalo litarudiwa hapa chini.

MKONO MMOJA, MIFUKO MINGI

Inafaa pia kuuliza fedha za walipa kodi zinakwenda kwa nani. Wako wanaodhani kwamba nyuma ya huduma hizi kuna kikundi cha wapenda sinema wenye moyo mwema. Huenda mwanzoni ilikuwa hivyo. Lakini biashara ina mwendo wake.

OverDrive ya Ohio ndiyo kampuni kubwa inayozipatia maktaba vitabu vya kompyuta. Mwaka 2015 ilinunuliwa na Rakuten ya Japani. Mwaka 2020 Rakuten iliiuza kwa KKR, kampuni ya wenye mitaji ya New York ambayo kazi yake ni kununua makampuni, kuyakamua faida, kisha kuyauza. Mwaka 2021 OverDrive ikainunua Kanopy. Mwaka 2023 KKR hiyo hiyo ikanunua Simon & Schuster, mmoja wa wachapishaji wakubwa kabisa wa Marekani, kwa dola bilioni 1.62.

Hebu msomaji apange mambo hayo kwa mstari mmoja. Katika miaka mitatu tu, mtaji wa nyumba moja ulishika kiwanda kinachochapa kitabu, mlango ambao maktaba hupitia kukipata kitabu hicho, na mlango ambao maktaba hupitia kuipata filamu. Huo ndio mnyororo. Mkutubi anayekaa mezani kujadili bei anazungumza na mtu ambaye anaweza kusema "hapana" kwa midomo mitatu. Hakuna haja ya kumtukana mwenye mtaji kwa kutafuta faida. Hiyo ndiyo kazi aliyoundiwa. Wa kulaumiwa ni yule aliyepewa dhamana ya kulinda mali ya umma, akaikabidhi bila kusoma masharti, kisha akaita kitendo hicho maendeleo.

HOJA ZA WAPINZANI

Wako wanaosema kwamba maktaba imeanzishwa kwa ajili ya vitabu, na kwamba mambo ya sinema yaachwe kwa wenye majumba ya sinema. Hoja hii ni ya zamani, ila imevaa kanzu mpya. Katika karne ya 19 walikuwapo wakubwa walioshikilia kwamba maktaba ya umma isinunue riwaya, kwa kuwa riwaya hupotosha wafanyakazi na wanawake. Leo hakuna mwalimu asiyejua thamani ya riwaya. Filamu nzuri humfundisha historia hata mtu ambaye kusoma kunamlemea. Kumwambia kwamba sanaa hiyo ni ya wenye fedha tu ni kumwambia akae nje.

Wako wengine wanaosema: ya nini kuhangaika, nazo ziko huduma kama Tubi na Pluto zinazoonyesha filamu bure bila hata kadi? Hao wanasahau kuuliza kwa nini Fox ilitoa dola milioni 440 kuinunua Tubi mwaka 2020, na kwa nini Viacom ilitoa dola milioni 340 kuinunua Pluto mwaka 2019. Hakuna mtu atoaye mamilioni kwa ajili ya sadaka. Huko bidhaa ni mtazamaji mwenyewe: macho yake huuzwa kwa wenye matangazo, na mambo anayoyapenda huandikwa kwenye daftari lao. Maktaba kwa desturi yake humlinda msomaji, haitangazi alichosoma. Tofauti hiyo si ndogo.

Wa tatu, na hawa wanastahili kusikilizwa kwa heshima, ni wale wanaosema kuwa mtengeneza filamu naye ana tumbo. Kweli kabisa. Aliyetumia miaka mitano kutengeneza filamu juu ya wachimba migodi hawezi kuambiwa aitoe bila malipo kwa sababu kazi yake ni nzuri. Lakini nani amesema asilipwe? Maktaba imekuwa ikimlipa mwandishi na mtengeneza filamu tangu zamani, kwa kununua nakala. Kinachobishaniwa ni kama lazima alipwe kwa mtindo unaoiacha maktaba mtupu na kuligeuza kila jicho linalotazama kuwa deni. Maktaba inaweza kumlipa mtengeneza filamu bei nzuri mara moja kwa haki ya kudumu, naye akapata fedha yake mapema, na umma ukapata mali. Anayepungukiwa katika mpango huo ni dalali wa katikati.

TISHIO LA JUU

Ubovu wa kutegemea mikataba ulidhihirika kwa namna nyingine mwaka 2025. Liko shirika la serikali ya Marekani linalogawa fedha kwa maktaba na makumbusho ya majimbo yote, lililoundwa mwaka 1996. Bajeti yake ilikuwa dola zipatazo milioni 290 kwa mwaka, kiasi kidogo sana katika matumizi ya taifa kubwa kama lile. Tarehe 14 Machi, 2025, Rais Donald Trump alitia sahihi amri ya kulipunguza shirika hilo hadi kiwango cha chini kabisa kinachoruhusiwa na sheria. Mwisho wa mwezi huo watumishi wake walipewa likizo ya lazima, na ruzuku zikasitishwa.

Ni nini kilichoanguka kwanza? Mississippi, moja ya majimbo maskini kabisa, ilisimamisha huduma ya Hoopla. Majengo hayakubomoka usiku ule. Vitabu havikutoweka rafuni. Kilichotoweka ni kile kilichokodiwa. Mwanakijiji aliyekuwa akiishi mbali na mji, ambaye ndiye hasa aliyenufaika zaidi na filamu na vitabu vya intaneti, ndiye aliyekuwa wa kwanza kukatiwa.

Majimbo kadhaa yalikwenda mahakamani, na tarehe 21 Novemba, 2025, jaji wa mahakama ya shirikisho huko Rhode Island aliamua kwamba kuvunjwa kwa shirika hilo kulikuwa kinyume cha sheria. Mwezi uliofuata ruzuku zikarudishwa. Hiyo ni ahueni, lakini haifuti funzo. Kitu ambacho uhai wake unategemea sahihi ya mkubwa mmoja na ankara ya mfanyabiashara mmoja hakijawa mali ya umma bado. Mtegemea cha ndugu hufa maskini.

LIFANYIKE NINI?

Kulalamika peke yake hakujengi. Yapo mambo manne yanayoweza kufanywa, na yote yamekwisha kuonyeshwa njia.

La kwanza ni maktaba kuendelea kununua na kutunza nakala zake. Mwezi Septemba mwaka 2023 Netflix ilituma DVD yake ya mwisho kwa posta, na maduka makubwa yameanza kuacha kuziuza. Maktaba ambayo nayo itazitupa DVD zake kwa sababu zimepitwa na wakati itakuwa imeuza jembe wakati masika yanaingia. Kadiri wengine wanavyoziacha, ndivyo rafu ya maktaba inavyozidi kuwa mahali pa pekee ambapo filamu fulani inaweza kupatikana na mtu wa kawaida.

La pili ni umoja. Mji mmoja ukikaa mezani peke yake na kampuni kubwa, utapokea bei utakayopewa. Kilichoishinda Macmillan mwaka 2020 ni mashirika mengi ya maktaba kukataa kwa sauti moja. Nguvu hiyo hiyo itumike kudai mikataba ya filamu yenye bei isiyopanda kwa kila mtazamaji, na yenye haki ya kudumu kwa filamu muhimu. Tayari jumuiya ya Lyrasis, isiyotafuta faida, imeonyesha kwa upande wa vitabu, kupitia mpango uitwao Palace Project, kwamba maktaba zinaweza kuwa na chombo chao badala ya kupita katika mlango wa dalali.

La tatu ni sheria. Mwaka 2021 jimbo la Maryland lilipitisha sheria ya kuwalazimisha wachapishaji kuziuzia maktaba vibali vya vitabu vya kompyuta kwa masharti ya haki. Wachapishaji walikwenda mahakamani, na mwaka 2022 sheria hiyo ikatanguliwa kwa maelezo kwamba mambo ya hakimiliki ni ya shirikisho. Vema. Kama ni ya shirikisho, basi Bunge la shirikisho ndilo lililonyamaza, na ndilo linalopaswa kuulizwa kwa nini haki ya mwaka 1908 iishie kwenye karatasi.

La nne, na kubwa kuliko yote, ni umma kumiliki filamu zake wenyewe. Hapa mfano uko jirani, nchini Kanada. Huko Bodi ya Taifa ya Filamu, iliyoundwa na serikali mwaka 1939, imekuwa ikitengeneza filamu kwa fedha za umma kwa miaka mingi. Mwezi Januari mwaka 2009 ilifungua ukumbi wake katika intaneti, na filamu zake nyingi zikaweza kutazamwa na kila mtu bila malipo. Hakuna dola 2. Hakuna mita. Inawezekana kwa sababu bodi hiyo haikodi mali ya mtu. Inaonyesha iliyo yake. Marekani nayo, Maktaba ya Bunge ilifanya hatua kama hiyo mwaka 2018 ilipoanza kuweka hadharani filamu za zamani ambazo hakimiliki yake imekwisha. Hiyo ndiyo "bure" inayostahili jina lake.

FUNZO

Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kudhani kwamba ugomvi huu ni wa mbali. Kwa hakika, kwa sehemu kubwa ya filamu hizo hata nafasi ya kugombana hajapewa, maana vibali hugawanywa kwa mipaka ya nchi. Lakini jengo la Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam, lilipofunguliwa tarehe 9 Desemba, 1967, wazo lililolisimamisha lilikuwa lile lile la Peterborough na Boston: kwamba elimu inayolipiwa na wote iwe ya wote. Popote wazo hilo lilipo, muuzaji wa vibali atafika siku moja na mkoba wake, akitabasamu, akitoa miezi mitatu ya majaribio bila malipo. Mwalimu na mtumishi wa umma atakayeletewa karatasi hiyo aitie sahihi ni vizuri aulize maswali matatu tu. Kitabaki nini rafuni mkataba ukiisha? Bei itapanda watu wakiwa wengi? Na nani mwenye funguo?

Raia wa Marekani anayeitazama filamu nzuri kwa kadi ya maktaba hana kosa lolote. Na aitazame, na amwambie jirani. Lakini pamoja na kumwambia kwamba ameipata, amwambie pia kwamba ameilipia, kwamba jirani naye ameilipia, na kwamba wote wawili wana haki ya kuuliza kwa nini, baada ya malipo yote hayo, filamu si yao. Wakilisema hilo kwenye mkutano wa bajeti ya mji wao, watakuwa wameifanyia maktaba jambo kubwa kuliko kuishangilia.